Kwa Gidion, Ijumaa Zako Zote Zilikuwa Buswelu

GIDION OKWACH
1970 – 13 Juni 2024

Gidion, leo umetimia mwaka tangu uanguke pale Mkuyuni mbele ya duka la rangi, stendi ya kamera mkononi kama mtu anayekwenda kuua nyoka. Daktari alisema ni presha. Mimi nilisema ni ukaidi, maana vidonge vyako nilivikuta kwenye droo, pakiti haijachanwa.

Kaka yako Owiti alikuwa ameshaandika tangazo la kumbukumbu la gazetini. Zuri, la kutundika ukutani: Bwana alitoa na Bwana ametwaa, baba mpole, mume mwema, nyota iliyozimika ghafla. Nikamwambia, shemeji, huyu uliyemwandika ni mume wa nani? Mimi nimeishi na Gidion miaka ishirini na mbili. Naomba niandike mimi. Akasema, "Haya, Mama Princess, lakini uandike mambo ya heshima." Nimeandika ya kweli. Ya heshima anayo yeye, anayeyataka akamwombe.

Wasiokujua wajue kwanza kazi yako. Ulikuwa mtengenezaji wa dokumentari. Watu wa Mwanza wakimwona mtu ana kamera wanadhani ni wa harusi, na wewe ulikuwa unaona tusi. Harusi ulikataa. Vipaimara ulikataa. Misiba ndiyo kabisa. Ulisema anayemrekodi mfiwa akilia hana tofauti na mchawi, ila yeye huja mchana na risiti. Basi tukakaa hivyo hivyo na heshima yako, na beseni sebuleni chini ya paa linalovuja.

Filamu yako ya kwanza ilimhusu Ndalahwa, mchora mabango wa Mkuyuni. Huyu alikuwa akichora kuku kwenye ukuta wa kibanda cha chipsi, kesho yake anarudi kumfuta kwa sababu jicho halikumpendeza, na mwenye kibanda akija anakuta ukuta mweupe na wateja wanacheka. Wengine walimwita mlevi. Wewe ulimwita msanii, ukakaa naye miaka miwili kumwuliza jicho la kuku linatakiwa liweje.

Ya pili ilimhusu Mwalimu Mihayo wa Misungwi, kwetu. Alisoma falsafa seminari, akaacha, akarudi kuchunga. Alikuwa akisimama mnadani anawauliza wauzaji, "Ng'ombe anayeitika ukimwita jina, ukimwuza umeuza nini?" Wasukuma wenzangu walimpisha njia kama anayetembea na siafu. Wewe ukamfuata na kamera misimu mitatu, ukatuletea nyumbani maswali yake wakati wa kula. Filamu ikaoneshwa nchi za watu, ukarudi na cheti kilichoandikwa lugha ambayo hata wewe hukuijua. Mama yako alikifunikia mtungi.

Sitasema hukuwa mwema. Ulikuwa mwema sana, barabarani. Ndalahwa alipovunjika mguu ulimwogesha kwa mikono yako. Mihayo alipougua ulilala Misungwi siku tisa. Mimi nilipojifungua Obedi ulikuwa unahariri, ukaja hospitali siku ya pili, ukasifia mwanga wa wodini.

Halafu ukampata Mzee Yoabu.

Alikuwa fundi cherehani wa Buswelu, Myahudi wa Uganda, aliyevuka mpaka akiwa kijana wakati dini yao ilipopigwa marufuku kule, akashukia Mwanza na cherehani kichwani. Majirani wote walidhani ni Msabato mwenzetu, maana Jumamosi duka lake lilikuwa halifunguki hata kwa rushwa. Ulikwenda kwake Ijumaa saa kumi jioni ukapunguziwe suruali. Akakufukuza. "Rudi Jumapili, kijana." Ukamwuliza, "Mzee, kumbe na wewe ni Msabato?" Akakujibu, "Ninyi mliisoma kitabuni. Sisi tuliambiwa usoni." Ulirudi nyumbani na suruali yako ndefu vile vile, unacheka peke yako, nami nikajua tumekwisha.

Miaka kumi na moja, Gidion. Kila Ijumaa.

Wasomaji wasiotujua waelewe uzito wa hiyo siku. Sisi ni nyumba ya Kisabato. Ijumaa jua linapozama tunafungua Sabato kwa wimbo na neno na sala, na anayefungua ni baba mwenye nyumba. Mimi nilizaliwa Mkatoliki. Niliiacha rozari ya mama yangu, nikazamishwa ziwani mbele ya watu nisiowajua, na baba yangu mzee Shimba hakunisemesha mwaka mzima, yote hayo ili nifungue Sabato na wewe. Nikawa naifungua na mama yako. Princess akisoma zaburi kwa sauti ya woga, Obedi akiuliza, "Baba yuko wapi?" Namjibu, "Yuko kwenye Sabato." Mtoto anauliza, "Ya nani?"

Nikikuuliza wewe, ulisema ni kazi. "Selestina, hii kazi haina wa kuifanya baada yangu. Mzee akifa, vimekwisha." Nami nikawa najiambia, haya, kazi ni kazi, wapo wanaume wanaochelewa kwa mengine.

Mwaka wa tano nilikufuata. Nilipanda bodaboda mpaka Buswelu, nikasimama kwenye uzio wa minyaa, dirisha lilikuwa wazi. Nilitegemea kukuona umeinamia kamera. Kamera ilikuwa ndani ya begi, zipu imefungwa, begi limewekwa juu ya kabati. Kumbe taa zao mbili zikishawashwa, Mzee Yoabu haruhusu mashine yoyote kuguswa mpaka kesho yake usiku. Hukuwa na kazi yoyote pale. Ulikuwa umekaa mezani kati ya mzee na binti yake Rebeka, mkate umefunikwa kitambaa cheupe, unacheka mpaka mabega yanatikisika. Kwangu ulikuwa hujacheka hivyo tangu Princess aote meno.

Ningekukuta na mwanamke, ninyi wawili tu, ningejua la kufanya, mikono ninayo. Sasa mzee wa miaka sabini na mkate wake utampigaje? Nilirudi nyumbani, nikafungua Sabato, nikakuwekea ugali ukapoa. Sikukwambia hata siku moja kwamba nilikuja. Na wewe hukuwahi kujiuliza kwa nini tangu Ijumaa ile sikukuuliza tena ulikuwa wapi.

Ulipokufa, Mzee Yoabu alikuwa wa kwanza kufika. Ilikuwa Alhamisi mchana, akaingia na Rebeka, akamwuliza Owiti, "Mnamzika leo, au kesho kabla ya jua kuzama?" Watu walicheka, jamani, msibani. Owiti akamwambia, "Mzee, hata turubai halijafika." Maana wewe ulikuwa unasubiri dada yako Atieno atoke Kanada, na jeneza litoke kwa fundi, na wazee wa Rorya wakubaliane utalala upande gani wa nyumba ya baba yako. Mzee akauliza, "Sasa mnamweka kwenye barafu anangoja nini?"

"Anangoja watu wake."

"Watu wa nini? Mwenzenu keshamaliza na watu."

Ulingoja siku kumi na moja. Na kwa kuwa ndugu zako walisema mtu wa kamera hawezi kuzikwa bila kamera, aliitwa Ngosha, yule wa video za harusi wa Mkuyuni uliyekuwa ukimwita msiba unaotembea. Alikuja na kamera tatu na droni. Alikurekodi mochwari, akakurekodi njiani, akamrekodi mama yako akizimia, halafu akaomba wampe nafasi apate tena kutoka upande wa pili.

Siku ya tatu mashine za Ngosha zilijaa, na safari ya Rorya bado. Akaulizia kama nyumba ina diski za kutunzia picha. Nyumba ilikuwa nazo nne, kwenye meza yako, zimebandikwa karatasi kwa mwandiko wako: Buswelu moja, mbili, tatu, nne. Zikafutwa. Yakawekwa mazishi yako juu yake. Hivyo ndivyo miaka kumi na moja ya Mzee Yoabu ilivyopotea, na ukoo mzima unajua lilikuwa kosa la Owiti, aliyewapa watu vitu asivyovijua. Yeye mwenyewe amelikubali. Aliwaomba radhi wazee Rorya, amesimama, kofia mkononi. Tangu siku hiyo hajatania mtu.

Owiti shemeji yangu, kaa kitako usome. Hukukosa wewe.

Siku moja kabla ya hapo niliingia chumba chako cha kazi kutafuta picha ya kuweka kwenye bango la msiba. Niliziwasha diski zote nne, moja baada ya nyingine, kuanzia asubuhi mpaka wapishi wakaita watu chakula. Sauti niliizima. Ukumbi ulijaa waombolezaji, na mjane anayesikika ndani anatazama sinema, hiyo si aibu ya kupita kesho. Nikawa nazikimbiza tu. Mikono ya mzee. Cherehani ya mzee. Rebeka anakanda unga. Rebeka anafuta taa. Mdomo wa mzee unasema, unasema, unasema. Nilikuwa sitafuti tena picha yako, Gidion. Nilikuwa natafuta yangu. Ya Princess. Ya Obedi. Ya mama yako, aliyekubeba tumboni. Hata kwa bahati mbaya, hata tumepita nyuma. Saa mia nne za watu wengine, na sisi hatumo hata dakika moja. Mganga hajigangi, sawa, lakini hata watoto?

Kwenye bango tuliweka picha ya kitambulisho chako cha taifa, tukaikuza. Umenuna.

Kwa hiyo Owiti alipokuja mlangoni na kuniuliza, "Shemeji, Ngosha anauliza hizi diski zina kitu?", nilizitazama, nikasoma mwandiko wako, nikamjibu, "Hazina kitu. Futeni." Sikuwa nimechanganyikiwa na msiba. Nilikuwa nimeshakunywa uji. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuchukia, na kwa sababu ulikuwa kwenye jokofu na hakukuwa na kitu kingine chako ninachoweza kukiumiza.

Na nilifurahi. Hilo nalo liandikwe. Nilifurahi miezi tisa. Ngosha alipoleta kazi yake iliyokamilika, nikaitazama na sauti juu: kwaya tatu, pilau inapakuliwa, mjomba amelala mdomo wazi, droni inapita juu ya shamba la muhogo na kuku wa mama yako wanakimbia huku na huku. Nikasema, haya sasa, Gidion, ndiyo hii dokumentari yako.

Mwezi wa tatu Mzee Yoabu akafa. Asubuhi alikata roho, alasiri alikuwa ameshazikwa, tukasikia kesho yake. Rebeka alikaa chini siku saba kama wanavyokaa, na mwezi ulipoisha akaja kwetu. Nilimpa chai. Akasema amekuja kwa jambo moja tu.

"Dada Selestina, nyimbo za baba. Zaburi alizoimbiwa na baba yake, kwa sauti zao zile. Kaka zangu waliorudi Uganda wamekwisha wote. Mimi mwanamke, nilikuwa jikoni, nazijua nne. Watoto wangu wanazijua mbili. Siku za Sabato alikataa kuziimba mbele ya mashine, lakini Jumatano alimwimbia Gidion zote, moja moja, mwaka mzima. Mimi hata picha sihitaji. Nipe sauti tu."

Nikamwambia tunazitafuta, chumba kilivurugika wakati wa msiba. Uongo ulitoka laini kama mlenda.

"Usijisumbue, sina haraka," akasema. Akanywa chai. Halafu akacheka kidogo. "Unajua baba alimpa Gidion sharti? Alimwambia, kila swali moja unaloniuliza, na mimi nakuuliza moja, vinginevyo zima mashine yako uende. Basi humo ndani Gidion anajibu kuliko baba. Sura yake huioni, yuko nyuma ya kamera, ni sauti tu. Na baba maswali yake yalikuwa hayaishi, na mengi juu yako."

"Juu yangu?"

"Wewe tena! 'Mkeo leo umemwachia nani?' 'Kwa nini hujamleta?' 'Ulimpendea nini?' Gidion alikuwa anajibu mpaka chai inapoa. Siku moja alilia, baba akamwambia usizime, mimi nililia mbele yako."

Nilishika meza, Gidion. Nikamwuliza alisema nini. Nilimwuliza kwa sauti ambayo Princess alitoka chumbani kuja kutazama kuna nini.

Rebeka akafikiri, mtu wa watu, anajitahidi kunikumbukia. Akatikisa kichwa. "Mimi nilikuwa naingia na kutoka na masufuria, dada. Sikushika maneno. Si utasikiliza mwenyewe?"

Tangu siku hiyo nimepeleka diski zile kwa mafundi watatu. Ngosha mwenyewe alinipeleka kwa mmoja. Wote wamesema neno moja: kilichoandikwa juu kimekula cha chini. Kinachotoka ni kwaya. Simu yako iliibwa pale pale Mkuyuni ulipoanguka, na kwenye yangu hukuwahi kuniachia sauti. Meseji zako zote zipo, nimezisoma zote, zinasema "nachelewa". Wiki iliyopita Obedi alijaribu kukuigiza unavyomwita, akashindwa, akaniomba nimsahihishe. Nikafungua mdomo nikakuta na mimi sina hakika.

Nataka kujua ulisema nini. Huenda ulisema mimi ni mzigo, ni mkali, sijui kucheka. Huenda ulisema kwa nini ulikaa kule. Labda ulisema ulinipendea nini. Nimejaribu kuyatunga mwenyewe maneno hayo, nayasema nikiosha vyombo, lakini yanatoka kwa sauti yangu na kwa ubaya wangu. Ningekuchukia vizuri zaidi kama ningejua. Au ningekulilia, maana mpaka leo machozi ya kweli sijayatoa, niliyotoa mbele ya kamera za Ngosha yalikuwa ya hasira.

Rebeka amekuja mara nne kuulizia. Mara nne nimemdanganya, na mara nne ameniletea kipande cha mkate. Leo anakuja tena, mchana kabla hajafunga duka, kwa sababu kwao siku ya mwaka inawashiwa taa, na amesema atakuwashia wewe pamoja na baba yake. Lakini gazeti hili analisoma asubuhi. Baba yake alikuwa akilinunua kila siku apate karatasi ya kukatia vielelezo vya nguo, na yeye hajaacha.

Dada Rebeka, hazipo. Usiwe na tumaini tena. Nyimbo za baba yako nilizifuta mimi, nikiwa na akili zangu timamu, sikukosea, na Owiti hakukosea. Nilikuwa natafuta sura yangu, sikuwasha sauti. Ukija na taa nitakufungulia mlango. Usipokuja nitaelewa, na mkate usilete.

Gidion, unakumbukwa na mama yako Odeta, anayekuwekea kiti kila Ijumaa na hataki hata nguo iwekwe juu yake. Kaka yako Owiti, aliyebeba mwaka mzima dhambi isiyo yake. Dada yako Atieno, aliyesafiri siku tatu kuja kuona jeneza likifungwa. Watoto wako Princess na Obedi, ambao sauti yako imeanza kuwatoka. Na mimi mkeo Selestina, niliyekuwa nayo mkononi nikasema haina kitu.

Tutakukumbuka kwa kadiri tutakavyoweza.